Si Kila Chombo Kilichokwama ni Mtepe

Ukikuta chombo kikuukuu kimeegama mikokoni, hakina tanga wala mlingoti, hakosi mtu wa kukwambia kuwa ule ni mtepe. Anayesema hivyo ana nia njema: anataka chombo kithaminiwe. Lakini dai hilo linaudhulumu mtepe, na jahazi linalidhulumu zaidi.

Tazama mahali ubao unapokutana na ubao. Mtepe haukupigwa msumari. Mbao zilitobolewa pembezoni zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tezi ilichongoka kama omo, na tanga lilikuwa la mraba, la mkeka. Ukiona kutu ya misumari na tezi iliyokatwa bapa, hilo ni jahazi. Omo ikiwa imesimama wima, lielekeze Lamu. Ikilala mbele, lielekeze Unguja. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Hakuna hata mmoja mzima uliosalia. Tulichobaki nacho ni mifano ya makumbusho na maandishi machache. Miongoni mwayo ni makala fupi ya Lydekker katika jarida la Man la mwaka 1919, isiyosomwa sana siku hizi, nayo iliandikwa mitepe ikali inasafiri visiwa vya Wabajuni.

Mtepe ulitoka wapi? Wapo wanaokimbilia kusema Uajemi au Uarabuni, kana kwamba pwani hii haikuwahi kubuni kitu. Hao sina subira nao: Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, tayari kinataja mashua za kushonwa huku kwetu. Masimulizi ya Wabajuni wenyewe yanastahili kusikilizwa zaidi. Yanasema chombo cha Wadiba, watu wa Maldivi, kilivunjikia pwani yao, mafundi wakakichunguza na kukiiga. Baadhi ya wasomi wameyapuuza kama hadithi. Mimi naona yanapatana na Periplus bila shida: ushonaji ulikuwapo zamani, ila umbo, labda lile gubeti la omoni lenye kichwa na shingo ndefu, likaja na mgeni. Zaidi ya hayo, yanatuonyesha mafundi waliojua kukisoma chombo kilichovunjika. Ujuzi huo ndio tunaouhitaji leo.

Basi, jahazi la misumari lina thamani gani? Wengi huliona changa mno, au la kigeni, lisistahili gharama. Siafiki. Majahazi yaliundwa Matondoni, kisiwani Lamu, kwa mikono ya mafundi wa hapo, yakabeba boriti za mikoko, nazi, chokaa na abiria. Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, biashara iliyokuwa ikiyalisha ilikatika. Gofu linalooza leo huenda ni shahidi wa miaka ile ya mwisho, na pengine aliyelikalafati bado yu hai. Kwa mtepe, shahidi wa namna hiyo hatutampata kamwe.

Ndugu zetu wa Ghuba hawakungoja chombo cha kushonwa. Mwaka 1993 watu wa Sur, Oman, walilirudisha kutoka Yemen ghanja la Fatah al-Khair lililoundwa mjini kwao, wakalitengeneza, na sasa limesimama pwani ya mji huo. Kuwait imehifadhi bumu lake la mwaka 1938, lenye jina kama hilo. Vyote viwili ni vya misumari.

Sisemi kila gofu lifufuliwe. Anza na mkuku. Mkuku ukiwa mzima, mataruma na mbao za ubavuni hubadilishwa. Ndivyo majahazi yalivyoishi siku zote, na haliwi jahazi jingine kwa sababu hiyo. Mkuku ukiwa umekatika au umeliwa na funza wa baharini, fedha zitumike kulipima, kulichora na kulipiga picha lote kabla ya kusambaratika.

Kwa hiyo, kabla hujamwachia muuza samani akate mbao zake, mwite fundi mzee alikague. Andika jina la chombo, aliyekiunda, nahodha wake na shehena alizobeba. Kama ni jahazi, liite jahazi, kisha uombe fedha za kulitengeneza kwa jina hilo.