Kuanza kwa urudufishaji wa DNA

Kuanza kwa urudufishaji wa DNA ni hatua ambayo nyuzi mbili za DNA hutenganishwa mahali maalumu ili kila mmoja uwe kiolezo cha uzi mpya. Udhibiti wa kazi nzima umekaa zaidi hapa, kwa kuwa urudufishaji ukishaanza kwa kawaida huendelea hadi mwisho. Seli ikianza mara mbili mahali pamoja kabla ya kugawanyika, hubaki na jeni zilizozidi na DNA iliyokatikakatika.

Mwaka 1963 François Jacob, Sydney Brenner na François Cuzin walipendekeza kwamba kila DNA inayojirudufu ina sehemu ya kuanzia, yaani chanzo, na protini inayoitambua sehemu hiyo na kuianzisha kazi. Pendekezo hilo limesimama vizuri zaidi kwa bakteria.

Escherichia coli, bakteria wa utumbo, ana kromosomu ya mviringo yenye jozi za besi zipatazo milioni 4.6 na chanzo kimoja tu, oriC, chenye jozi 245 hivi. Protini yake ya kuanzisha ni DnaA. Molekuli za DnaA zilizobeba ATP, molekuli ya nishati ya seli, hujipanga juu ya oriC, huipinda DNA na kuifumua penye A na T nyingi, kwa sababu jozi hizo zimeshikana kwa nguvu ndogo kuliko za G na C. Helikasi mbili, yaani vimeng'enya vinavyotenganisha nyuzi, ziitwazo DnaB huletwa na DnaC na kuelekea pande zilizo kinyume. Kimeng'enya primasi huweka vipande vifupi vya RNA, maana polimerasi, kimeng'enya kinachojenga uzi mpya, hurefusha uzi uliokwisha kuanza tu. Kasi ni kama nyukleotidi 1,000 kwa sekunde, na pande mbili hukutana baada ya dakika 40 hivi.

Hata hivyo, chakula kikiwa tele bakteria huyu hugawanyika kila dakika 20. Huwezaje? Huanza duru mpya kabla ya ile ya kwanza kwisha, hivyo seli changa huzaliwa na kromosomu ambayo tayari inarudufishwa. La kustaajabisha zaidi ni kwamba, pamoja na haraka hiyo, kila chanzo huanza mara moja tu kwa duru. Uzi mpya huwa haujawekewa alama za methili, na protini SeqA hukishika chanzo cha namna hiyo na kuizuia DnaA isikifikie kwa muda. Wakati huohuo protini Hda huifanya DnaA itumie ATP yake, na bila ATP hiyo DnaA haifumui chanzo.

Kwa binadamu tatizo ni la aina nyingine. Urudufishaji huenda polepole, jozi 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Kromosomu namba 1, yenye jozi karibu milioni 250, ingehitaji takriban mwezi mzima au zaidi kama ingekuwa na chanzo kimoja. Kwa hiyo vyanzo katika kromosomu zote ni makumi ya maelfu, na kazi humalizika kwa saa nane hivi. Lakini vyanzo vingi hivyo vitazuiwaje visirudie?

Seli hutenganisha ruhusa na utekelezaji. Katika awamu ya G1, kabla urudufishaji haujaanza, changamano la protini liitwalo ORC, lililotambuliwa kwenye hamira na Stephen Bell na Bruce Stillman mwaka 1992, hushirikiana na Cdc6 na Cdt1 kuivisha DNA helikasi za MCM, ambazo hukaa bila kufanya kazi. Wanabiolojia huiita hatua hiyo utoaji wa leseni. Katika awamu ya S, yaani ya urudufishaji wenyewe, vimeng'enya CDK na DDK huziamsha helikasi hizo kwa kuziunganisha na Cdc45 na GINS. CDK hiyohiyo huzuia leseni mpya isitolewe, na kwa wanyama protini geminini huikamata Cdt1. Leseni nyingi hazitumiki. Hubaki kama akiba pale urudufishaji unapokwama jirani. Watoto wanaorithi kasoro katika jeni za ORC, Cdc6 au Cdt1 wanaweza kupata sindromu ya Meier-Gorlin: kimo kifupi, masikio madogo na magoti yasiyo na pia.

Virusi vingi vya DNA hukwepa utaratibu huu. SV40 ya nyani hutumia protini moja, antijeni T, kutambua chanzo na pia kuwa helikasi, kisha huazima polimerasi za seli na kujirudufu tena na tena ndani ya awamu moja. Virusi vya papiloma hufanya vivyo hivyo kwa protini yao E1 ikisaidiwa na E2. Protini yao nyingine, E7, huilazimisha seli iliyokwisha kukomaa irudi awamu ya S, na kulazimisha huko ni sehemu ya njia ya saratani ya shingo ya kizazi.

Kirusi cha Epstein-Barr hufanya yote mawili: hufuata utaratibu wa seli na pia huukwepa. Kiligunduliwa London mwaka 1964 katika seli za uvimbe kutoka Uganda, wa aina ambayo Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alikuwa ameieleza mwaka 1958. Kinapolala ndani ya seli B za kinga, protini yake EBNA1 hushika chanzo oriP, huita ORC na MCM za seli, na DNA ya kirusi hurudufishwa mara moja kwa kila mgawanyiko. EBNA1 huifunga pia kwenye kromosomu isipotee. Kinapoamka, protini Zta huwasha chanzo kingine, oriLyt, na polimerasi ya kirusi chenyewe hutoa nakala kwa wingi.

Tofauti hiyo huonekana katika tiba. Asikloviri huamilishwa na vimeng'enya vya virusi vya jamii ya herpesi na kuukatisha uzi unaojengwa na polimerasi yao. Kirusi kilicholala hakitengenezi vimeng'enya hivyo na hutegemea polimerasi ya seli. Dawa hupunguza nakala za kilichoamka, lakini haikiondoi kilichojificha.