Lori na Gari Dogo

Lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi lililomsukuma mwenziwe kwa nguvu zaidi? Msomaji, jijibu kabla hujasoma mbele. Wengi watasema lori. Na hivyo ndivyo walivyodhani hata wanafunzi wa Harvard, chuo kikuu chenye sifa kubwa huko Marekani.

Profesa wao, Eric Mazur, alianza kufundisha fizikia chuoni hapo mwaka 1984, akajiona mwalimu hodari, maana wanafunzi walimsifu na mitihani waliishinda. Hata mwaka 1990 akasoma maandishi ya Ibrahim Halloun na David Hestenes, ya mwaka 1985, yaliyoonyesha kwamba vijana huingia darasani na imani zao juu ya mwendo wa vitu, wakatoka nazo vile vile. Mazur hakusadiki kwamba wake wamo. Akawapa jaribio la maswali mepesi yasiyo na hesabu. Mwanafunzi mmoja akauliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama awazavyo mwenyewe siku zote?

Nami niliye mwalimu, swali hilo lanichoma hata leo. Kumbe kanuni ya tatu ya Newton, isemayo kwamba lori na gari husukumana kwa nguvu zilizo sawa, waliikariri na kuipigia hesabu, wala hawakuiamini. Gari dogo huumia zaidi kwa kuwa ni jepesi, si kwa kuwa limesukumwa zaidi. Mazur alieleza, akaeleza tena, nyuso zikabaki zimekunjamana. Ndipo akawaambia wazungumze wao kwa wao. Ukumbi ukajaa mabishano, na baada ya dakika chache jambo likaeleweka. Aliyeelewa jana angali akumbuka pale alipokwama. Profesa amekwisha pasahau. Tangu mwaka 1991 alifundisha hivyo: kila mtu ajibu peke yake, abishane na jirani, kisha ajibu tena.

Lakini si kila mwenye la kusema husikilizwa. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Patricia Heller na Mark Hollabaugh waliandika mwaka 1992 habari za makundi ya watatu watatu. Penye wavulana wawili na msichana mmoja, wavulana walielekea kushika usukani, hata kama msichana ndiye aliyewashinda wote kwa somo. Wakashauri wasichana wawili wakae na mvulana mmoja, au kundi liwe la jinsia moja. Na kazi zigawanywe kwa zamu: mmoja aongoze, mmoja aandike, na mmoja kazi yake iwe kutia shaka.