Vifo vya Kansa ya Koo Kisii na Nyamira: Kinachohesabiwa na Kinachopotea

Kwamba kansa ya koo inazidi kuua watu Kisii na Nyamira ni jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa limekwisha kuthibitika. Makala haya yanadai kwamba ugonjwa huu si mgeni katika eneo hilo, na kwamba vifo, jinsi vinavyohesabiwa sasa, haviwezi kutuonyesha umepanda kwa kiasi gani. Hata hivyo, vinatosha kutuonyesha pa kuanzia.

Mwaka 1969 N. Ahmed na Paula Cook walichapisha uchunguzi wao kuhusu saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, magharibi mwa Kenya. Miaka miwili baadaye Cook alikusanya ushahidi wa bara zima, akadokeza kuwa huenda ugonjwa huu unahusiana na pombe iliyotengenezwa kwa mahindi. Dokezo hilo si dogo kwa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ambako katika karne ya 20 mahindi yalichukua nafasi ya wimbi kwenye ugali, na kwenye busaa pia. Watafiti waliofuata wamechunguza tumbaku, chang'aa, moshi wa kuni na chai ya moto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Hapa suala ni joto, si majani ya chai. Wakulima wa chai wa Nyamira wasitishike bure.

Ugumu wa kusoma mwelekeo wa muda mrefu huanzia kwenye mipaka. Nyamira ilimegwa kutoka wilaya ya Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo "Kisii" ya kumbukumbu za 1970 si kaunti ya watu 1,266,860 iliyohesabiwa katika sensa ya 2019. Lakini tatizo kubwa zaidi ni fomu za kusajili vifo. Anayefia hospitalini huandikiwa D1 na mhudumu wa afya. Anayefia nyumbani huandikiwa D2 na naibu wa chifu, ambaye hana namna ya kujua kilichomuua zaidi ya maelezo ya jamaa. Wagonjwa wakianza kufia hospitalini badala ya nyumbani, kansa "itapanda" hata kama idadi ya wanaougua haikubadilika. Isitoshe, orodha ya kimataifa ya magonjwa hutenga kinywa na koromeo (C00–C14), umio (C15) na zoloto (C32), ilhali kwa jamaa wa marehemu yote hayo ni koo. Uvimbe wa ulimi humezwa na takwimu za umio.

Makadirio ya kimataifa ya 2018 yaliipa Kenya wagonjwa wapya 4,380 wa saratani ya umio na vifo 4,351. Ulingano huo unatisha, ila usichukuliwe kama ushahidi kamili, kwani makadirio ya namna hii hutegemea sajili chache, kama zile za Nairobi na Eldoret, na vifo vyenyewe hukokotolewa kwa sehemu kutokana na wagonjwa. Ushahidi wa wodini una nguvu zaidi. Katika hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet inayopakana na Nyamira, Russell White na wenzake waliripoti mwaka 2002 kwamba ugonjwa huu unawapata hata vijana. Wengi hufika wakati kilichobaki ni kuwekewa mrija wa kupanua umio ili waweze kumeza.

Basi, idadi ya vifo hufuata idadi ya wanaougua. Ufaransa, ambako vifo vya kansa ya kinywa na koromeo kwa wanaume vilikuwa miongoni mwa vingi zaidi Ulaya Magharibi, ilishuhudia vikipungua baada ya unywaji wa pombe kupungua kwa miongo kadhaa. Tiba ya mionzi ikipatikana mjini Kisii itapunguza mateso na safari, na inastahili kudaiwa. Vifo, hata hivyo, havitashuka kwa sababu yake peke yake. Sheria ya vileo ya 2010 iliporuhusu chang'aa, mjadala ulitawaliwa na methanoli inayoua kwa usiku mmoja. Kilevi chenyewe, kinachoua baada ya miaka 20, kiliachwa pembeni.

Njia ya kuhesabu vizuri zaidi ipo karibu. Huko Siaya, watafiti wamekuwa wakiwahoji jamaa za marehemu kwa dodoso maalumu ili kubaini chanzo cha kifo. Gusii inaweza kuanza kwa kumpa naibu wa chifu maswali machache ya kuambatanisha na D2: je, marehemu alishindwa kwanza na ugali, kisha uji, na mwishowe maji? Alikonda kwa miezi mingapi? Alikuwa na kidonda cha mdomo kisichopona? Alivuta au kunusa tumbaku?