Munisagara, Mji Uliofunikwa na Jina la Mangungo

Kila mkataba unaotia shaka ukisainiwa nchini mwetu, Mangungo wa Msowero, mzee aliyewekeana mkataba na Wajerumani mwaka 1884, anafufuliwa. Alifufuliwa enzi za malumbano ya mikataba ya madini, akafufuliwa tena mwaka 2023 tulipokuwa tukivutana kuhusu bandari ya Dar es Salaam. Jina lake limegeuka tusi la kisiasa, na mtoto wa shule anaweza kulitaja kabla hajajua Msowero iko wapi. Mimi nimechoka kusikia mzee huyu akibebeshwa nchi nzima. Karatasi iliyodai nchi yote ya Usagara haikuandikwa kwake. Iliandikwa siku chache baadaye, katika mji mwingine wa wilaya hiyohiyo ya Kilosa, mji ambao leo wanaoukumbuka ni wafanyakazi wa reli na wakazi wake tu: Munisagara.

Munisagara ni kituo cha Reli ya Kati baina ya Kilosa na Kidete, ndani ya bonde la mto Mkondoa. Milima imekibana huku na huku. Ukiendelea magharibi unaipita Kidete, kisha unaingia Godegode, na hapo umeshauvuka mpaka wa mkoa wa Morogoro na Dodoma. Ni pembezoni hasa. Masika yakikolea Mkondoa unafura, vijito vya milimani vinakata njia za udongo, na reli ikizolewa watu wa bonde hili wanabaki kama walio kisiwani, isipokuwa kwamba hata mtumbwi hauwafai.

Haikuwa hivyo zamani. Barabara kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika bonde hili. Burton na Speke walilipanda mwaka 1857. Stanley alilipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na ndani ya bonde hilo, huko Kiora, akamkuta mwenzake Farquhar akiwa hoi kwa ugonjwa. Pembe za ndovu zilishuka, nguo na shanga zikapanda, na mateka wakapitishwa humu wakiwa wamefungwa. Aliyeshika mji kando ya kivuko alikuwa na kauli, kwa kuwa misafara iliweza kudaiwa hongo, yaani ada ya kupita. Mwenye mji mmoja wa namna hiyo ndiye Muini Sagara, na mji ulijulikana kwa jina lake.

Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters, akisaka mikataba ya kutwaa nchi, alishuka Saadani pamoja na Karl Jühlke, Graf Joachim von Pfeil na August Otto. Tarehe 29 Novemba walikuwa Msowero kwa Mangungo. Mapema Desemba wakafika kwa Muini Sagara. Kabla ya mwezi huo kwisha Peters alikuwa amesharudi pwani akiwa mgonjwa, na makaratasi ya mikataba mkobani.

Zisomwe karatasi hizo mbili kwa pamoja, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule havifanyi. Ile ya Msowero inahusu eneo la Mangungo. Ile ya Munisagara inamtaja Muini Sagara kuwa bwana pekee wa Usagara yote. Usagara yote! Wasagara hawakuwa na mfalme hata siku moja. Walikuwa na koo zilizofuata upande wa mama, kila bonde na wakubwa wake, na mzee wa bonde moja hakuwa na amri juu ya kilima cha jirani. Peters alihitaji mfalme ili Berlin iwe na kitu cha kutambua, basi akamtengeneza mmoja kwa wino. Ndiyo maana nasema lawama tumezipeleka kusiko. Na sisemi tuzihamishe sasa kutoka kwa Mangungo kwenda kwa Muini Sagara, maana naye alisingiziwa enzi ambayo hakuwa nayo.

Yapo maelezo mengine nisiyokubaliana nayo. Mkataba wa Msowero unadai kwamba Mangungo, alipoulizwa kupitia mkalimani Ramazani, alisema hata hajui kama kuna Sultani wa Zanzibar. Wapo waandishi walionakili dai hilo bila kutia neno, wakaliongezea na la kwao, kwamba wakuu wa bara walikuwa wajinga waliohongwa kwa pombe na vitambaa. Haiingii akilini. Usagara ilipitwa na misafara ya pwani kwa miongo mingi, na Muini Sagara alijulikana kwa cheo cha Kipwani, Muini. Maneno yale yaliwekwa humo makusudi ili kumnyima Sultani Barghash hoja, kwani Peters alijua kwamba Zanzibar ingedai bara ni yake.

Kwa nini basi waliweka alama zao? Jibu naliona katika desturi ya barabara yenyewe. Mgeni alifika na nguo, akaomba urafiki na mahali pa kupumzikia, akapewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mfaransa mmoja, Kapteni Bloyet, alikuwa ameshajenga kituo Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa, na hakuna aliyepoteza nchi kwa sababu yake. Peters naye alipoondoka aliwaacha Pfeil na Otto nyuma. Machoni pa mwenyeji hawa walikuwa wageni wengine waliolipa hongo na kukaribishwa. Otto hakuondoka tena, alifia hukohuko.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser alitia saini hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Barghash alipinga, na Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Makubaliano ya Novemba 1886 baina ya Waingereza na Wajerumani yakachora mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Victoria, na Sultani akaachiwa ukanda wa maili kumi wa pwani. Mpaka wetu na Kenya una mizizi katika kijiji hiki cha Munisagara kilichoko pembeni ya mpaka mdogo wa mikoa.

Reli ya Wajerumani ilipita katika bonde hili ikielekea Dodoma, iliyoifikia mwaka 1910, na kwa kuwa iliwekwa kandokando ya Mkondoa, mto haujaacha kuidai njia yake. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalizoa tuta kati ya Kilosa na Gulwe, yakawaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Sasa reli ya kisasa imepitishwa vilimani kwa mahandaki, na tangu 2024 treni ya mchongoko inakwenda Dodoma. Ina kituo Kilosa, ina kituo Kidete. Munisagara haimo.

Mikumi, wilaya hiyohiyo, ina hifadhi tangu 1964, na mtalii hukuta vibao vya kutosha kumweleza habari za tembo na twiga. Pale Munisagara sijaona hata ubao mmoja unaosema mwaka 1884 palitokea nini. Halmashauri ya Kilosa inaweza kuusimamisha kwa gharama ndogo, wenye majina yote mawili, Mangungo na Muini Sagara, na maneno ya mikataba yenyewe ili msafiri ajisomee. Lakini ubao hauvushi gunia la mahindi. Kama Kidete ndiyo mlango mpya wa bonde hili, ijengwe njia ya kuifikia, yenye madaraja yanayopitika Aprili, na reli ya zamani iendelee kukarabatiwa mpaka njia hiyo ikamilike.