Akiba ya Fundi wa Jua Kali

Yakupasa kujua, msomaji, kwamba mwaka wa 1965 Kenya ilitunga sheria ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ili mfanyakazi akizeeka asiwe ombaomba. Mwajiri alikata sehemu ya mshahara, akaongeza ya kwake, akaipeleka hazinani. Mpango ulikuwa mwema, ila uliegemea nguzo moja, nayo ni mwajiri. Je, fundi wa Kamukunji agongaye mabati tangu asubuhi kutengeneza karai na masanduku, ni nani wa kumkatia? Na mama auzaye mboga? Hao ndio wengi, wala sheria haikuwaona.

Mwaka wa 1985 Rais Moi aliwazuru mafundi wa Nairobi, kisha wakajengewa vibanda. Wakapata kivuli cha mchana, cha uzeeni hawakupata. Hata mwaka wa 2011 ndipo ulipoanzishwa mpango wa hiari ulioitwa Mbao, kwa jina la mitaani la shilingi 20, kiasi cha kuweka kila siku. Maelfu walijiandikisha. Lakini siku isiyo na mteja, shilingi hizo ni unga wa watoto. Na fundi akiziweka, hakuna mwajiri wa kuongeza 20 nyingine.