Mizinga ya Königsberg Ilivyopanda Bara

Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ya misafara ya Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikuwa inakufa. Miaka mitatu baadaye, reli hiyo ilipitisha mzigo ambao hakuna mpagazi aliyewahi kuwekewa begani: mzinga wa manowari, unapelekwa Kigoma.

Ulitoka kwenye Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa vibaya, mabaharia waliizamisha wenyewe. Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam. Pwani nzima ilikuwa imezingirwa na manowari za Uingereza, na katika kipindi chote cha Vita vya Kwanza vya Dunia ni meli mbili tu za shehena zilizopenya kutoka Ujerumani. Silaha iliyokuwamo nchini ndiyo waliyoitegemea Wajerumani.

Hapo ndipo mafundi wa karakana ya reli walipoingia vitani. Kazi yao ya kila siku ilikuwa mabehewa na injini za moshi. Mzinga wa meli hauna magurudumu. Umefungwa juu ya nguzo ya chuma kwenye sitaha, na ukifyatuliwa, kishindo chake kinapokelewa na meli nzima. Mtutu peke yake ulikuwa na uzito wa karibu tani moja na nusu. Ilibidi waunde vigari vyenye magurudumu mapana yasiyozama mchangani, na mkia mzito wa kushindilia ardhini ili mzinga usijirushe nyuma kila unapopigwa. Waliunda, na vikafanya kazi.

Lakini kigari hakijivuti. Mbung'o waliua ng'ombe na punda, kwa hiyo kamba zilishikwa na watu, mamia kwa mzinga mmoja, kupanda vilima na kuvuka matope. Wengi hawakuwa na hiari. Vitabu vingi vya vita hivi vinamtaja nahodha wa Königsberg, Max Looff, kwa jina na kumpita mvuta kamba kwa idadi. Kwangu mimi, bila huyu wa pili mizinga ile ingebaki chuma cha Rufiji.

Mzinga wa Kigoma ulifungwa kwenye Götzen, meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg na kuunganishwa kando ya Ziwa Tanganyika na mafundi wa kiraia.

Tabora nayo, iliyokuwa imegeuzwa makao ya serikali ya Wajerumani, ilikosa fedha. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, ikaanza kupiga sarafu: za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zenye tembo mbele ya mlima, na heller za shaba, nyingine zikitokana na maganda ya risasi na mizinga. Herufi T ilionyesha zilikozaliwa. Septemba mapigano yalifika Lulanguru kwenyewe, na tarehe 19 askari wa Kibelgiji kutoka Kongo waliingia Tabora. Jenerali Wahle, kamanda wa Wajerumani huko, alikuwa ameshaondoka na jeshi lake, pamoja na wapagazi wa kulibebea mizigo.