Kigoda, Kiti na Dawati: Uzuri wa Kila Siku kutoka Skandinavia hadi Singida

Historia ya vyombo vya nyumbani huandikwa, kwa kawaida, kutoka juu kwenda chini. Kiti cha enzi cha mwambao, kilichoundwa kwa mpingo na kupambwa kwa pembe za ndovu, kimepata nafasi yake katika makumbusho na katika vitabu. Kibao cha mbuzi, ambacho bila ya hicho nazi haikuniki wala tui halipatikani, hakina mwenye kuziandika habari zake. Hata hivyo akili iliyomo ndani yake si ndogo: mbao mbili zinazopishana, zikikunjwa hutundikwa ukutani, zikikunjuliwa huwa kiti na chombo cha kazi kwa wakati mmoja. Aliyekibuni hakuacha jina, na wanaokikalia kila siku hawakumwuliza.

Iko pembe moja ya dunia ambako katika karne ya ishirini mpango huo wa heshima ulipinduliwa. Huko kigoda, kijiko na sahani ya kulia vilipewa fikra ileile iliyokuwa ikipewa kiti cha mfalme. Pembe hiyo ni Skandinavia, na habari zake zinaihusu Singida kuliko inavyodhaniwa.

Skandinavia kwa asili ni Denmaki, Norwei na Uswidi. Katika mambo ya samani Ufini nayo huhesabiwa humo. Leo nchi hizo zasifika kwa utajiri, na viti vyao huuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa shule hawezi kuilipa. Katika karne ya kumi na tisa hali haikuwa hivyo. Kutoka Uswidi peke yake zaidi ya watu milioni moja walihamia Marekani, baina ya katikati ya karne hiyo na miaka ya 1920, wengi wao wakiikimbia ardhi finyu na maisha ya dhiki. Ni katika nchi hiyo ya watu wanaofunga mizigo ndipo mwandishi Ellen Key alipochapisha, mwaka 1899, mkusanyo wa makala aliouita Uzuri kwa Wote. Alishikilia kwamba uzuri si anasa ya matajiri, bali ni haja ya kila nyumba. Na kwamba chombo huwa kizuri pale kinapoitimiza kazi yake kwa wepesi, bila kujitia kuwa kitu kingine. Mwaka 1917 yakafanyika Stockholm maonyesho ya nyumba za watu wa kipato cha chini, na miaka miwili baadaye Gregor Paulsson akaandika kitabu chenye wito mmoja tu: vitu vya kila siku vifanywe kuwa vizuri zaidi. Mambo hayo hayakuachiwa wasanii. Viwanda, vyama vya ufundi na serikali viliyaingia kama vilivyoingia masuala ya maji na hospitali.

Matunda ya fikra hiyo ni mepesi kuyaelewa. Mwaka 1933 Alvar Aalto wa Ufini alibuni kigoda cha mti wa betula, mti ujazao misitu ya kwao. Kina kikalio cha duara na miguu mitatu iliyopindwa juu na kukazwa moja kwa moja chini ya kikalio hicho. Vigoda hivyo hupandana kimoja juu ya kingine, hata kumi vikachukua nafasi ya kimoja. Mwaka 1953 kiwanda cha Arabia, cha Ufini pia, kilitoa vyombo vya mezani vya Kaj Franck vilivyoitwa Kilta. Havikuwa na maua wala ukingo wa dhahabu. Mtu aliweza kununua sahani moja leo na bakuli moja mwezi ujao, na bakuli hilohilo likafaa kwa kupikia, kwa kuandalia na kwa kuhifadhia. Seti kubwa ya karamu, ambayo maskini huinunua kwa deni na kuifungia kabatini, ilikutana na hasimu wake. Mwaka 1956 duka la IKEA, lililoanzishwa na Ingvar Kamprad mwaka 1943, lilianza kuuza meza yenye miguu ya kufungua, ili ichukuliwe ndani ya kifurushi bapa na mnunuzi aiunge mwenyewe nyumbani.

Mwaka uleule wa kigoda cha Aalto, Mdenmaki Kaare Klint alitengeneza kiti kilichoshika jina la Kiswahili: Safari. Fremu yake ni ya mbao zisizotiwa gundi wala msumari. Miguu huchomekwa katika matundu yake, mikanda ya ngozi huvuta na kukaza, na uzito wa mkaaji ndio unaokifanya kiti kisimame imara hata juu ya ardhi yenye mabonde. Klint hakukitoa kiti hiki hewani. Alikichukua kutoka kiti cha kambini cha maofisa wa jeshi la Uingereza, kilichoitwa kwa jina la mji wa Roorkee nchini India, akakisafisha na kukipunguzia kila kisichohitajika.

Neno safari, lililokwenda Copenhagen kubandikwa kwenye kiti, lilikuwa na maana nzito zaidi katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Singida. Njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo kwenda Tabora, ilipita katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Manyoni, ikalikata pori lililotisha kwa kiu, liitwalo Mgunda Mkali. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Vitanda, meza na viti vya kukunja vya wasafiri hao havikutembea vyenyewe. Vilipita porini humo juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Sifa ya kwanza ya samani ya safari, yaani wepesi, ilipimwa kwa shingo ya mtu aliyeibeba, wala jina la mtu huyo halimo katika orodha ya wabunifu. Kiti cha Klint ni kazi ya ustadi usio na shaka. Lakini historia yake haitimii mpaka apewe sehemu yake yule aliyekuwa chini ya mzigo.

Mkutano wa pili ulikuwa wa heshima zaidi. Umoja wa Mataifa ulipojenga makao yake New York, kumbi tatu za mabaraza yake zilikabidhiwa wasanifu wa Skandinavia: ule wa Baraza la Usalama kwa Arnstein Arneberg wa Norwei, ule wa Baraza la Uchumi na Jamii kwa Sven Markelius wa Uswidi, na ule wa Baraza la Udhamini kwa Finn Juhl wa Denmaki. Ukumbi wa Juhl ulianza kutumika mwaka 1952. Kuta zake alizivika mbao, dari akaipamba kwa visanduku vya rangi, na viti vya wajumbe akavibuni mwenyewe. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini, na ni mbele ya Baraza hilo ndipo Julius Nyerere aliposimama mwezi wa Machi 1955 kuitetea haki ya nchi yake kujitawala. Hivyo madai ya watu waliokaa juu ya vigoda vya gogo, Singida wakiwamo, yalisikilizwa na watu waliokaa juu ya viti vya Juhl. Baraza lilisimamisha kazi zake mwaka 1994, baada ya nchi ya mwisho ya udhamini, Palau, kujitawala. Ukumbi ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2013, nao umebaki kuwa mojawapo ya vyumba ambamo ramani ya Afrika ilibadilishwa kwa maneno.

Mkutano wa tatu ulifanyika Singida kwenyewe. Wale Waswidi waliohamia Marekani walianzisha huko, mwaka 1860, kanisa la Kilutheri la Augustana. Na katika miaka ya 1920 wamisionari wa kanisa hilo walifika Iramba, wakajenga shule na zahanati. Wajukuu wa umaskini uleule uliomfanya Ellen Key aandike walijikuta miongoni mwa Wanyiramba na Wanyaturu, katika nchi ya tembe: nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa, iliyoshika baridi mchana na joto usiku. Ndani ya tembe vitu havikuwa vingi. Kulikuwa na kinu na mchi, mitungi, vibuyu, kihenge cha nafaka, ngozi ya kulalia, na kigoda.

Kigoda cha nyanda hizo za kati huchongwa kwa tezo kutoka gogo moja. Hakina kiungo, kwa hiyo hakuna kiungo cha kulegea. Aghalabu kina miguu mitatu, na sababu yake kila mpishi aijua: mafiga ni matatu kwa kuwa kitu kilichosimama juu ya nguzo tatu hakitikisiki hata ardhi iwe na mashimo. Kigoda cha Aalto na kigoda cha fundi wa Iramba havina undugu wa kunakiliana. Viliulizwa swali moja, vikatoa jibu moja. Tofauti yao ni kwamba kimoja kiliandikwa, kikapewa mwaka na jina, kikapelekwa kiwandani; cha pili kilibaki mikononi mwa mafundi, na mikono ilipoondoka kikaanza kuondoka nayo.

Mwaka 1975 ulileta nafasi mpya. Kwa msaada wa Uswidi, Tanzania ilianza kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyozidi hamsini nchini, kwa mfano wa vyuo vya umma vya Skandinavia. Asili ya vyuo hivyo ni fikra za Mdenmaki Grundtvig. Cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na Uswidi ikafuata mwaka 1868. Vilikusudiwa mkulima aliyekomaa, asiyetafuta cheti bali akili ya kuishi vyema pale alipo. Nyerere, aliyekwisha kuandika juu ya elimu ya kujitegemea mwaka 1967, aliliona humo jambo alilokuwa akilitaka. Mkoani Singida kuna chuo cha Singida mjini na chuo cha Msingi, katika wilaya ambayo leo ni Mkalama. Useremala ni miongoni mwa ufundi unaofundishwa katika vyuo vya aina hiyo, pamoja na uashi, ushoni na kilimo.

Swali la historia ni hili: je, pamoja na chuo, ilivuka bahari ile imani iliyokizaa kiti? Huko Uswidi useremala wa shule ulikuwa na falsafa yake. Otto Salomon, katika chuo cha Nääs, aliwafundisha walimu kutoka nchi nyingi kwamba mtoto anayechonga kijiko kwa kisu hajifunzi kijiko tu. Hujifunza kulitambua umbo lililo sawa, na kuheshimu kazi ya mkono. Jambo la namna hiyo halisafirishwi kwa makasha. Msaada huhesabika kwa majengo, misumeno na randa. Jicho halina namba ya shehena.

Uthibitisho wa karibu ni dawati. Mwaka 2016 serikali iliagiza upungufu wa madawati katika shule umalizwe ifikapo mwisho wa Juni, na mikoa yote ikaingia katika kazi hiyo. Lilikuwa jambo la haki, kwani mtoto anayeandika huku amelala kifudifudi sakafuni ameanza maisha akiwa nyuma. Lakini taarifa za wakati huo zilikuwa taarifa za idadi. Urefu wa kikalio kwa mtoto wa miaka saba, mwinamo wa ubao wa kuandikia, namna ya kuunga mguu usilegee kabla ya mwaka kwisha, hayo hayakuwa na nafasi katika hesabu. Na dawati ndiyo samani ya kwanza ya umma anayoikalia mtoto wa Singida. Kwa hilo hujifunza, kabla ya kusoma neno, anathaminiwa kiasi gani.

Wala si kwamba malighafi au akili imekosekana. Misitu ya miombo ya upande wa magharibi wa Manyoni ina mninga, mti ambao seremala yeyote wa dunia angeufurahia. Mafundi wapo, na wengine wamepita vyuoni. Wanachoagizwa mara nyingi na wateja ni kochi kubwa lililojazwa sponji, kwa mfano wa picha iliyotoka mbali, litakaloingia kwa taabu mlangoni na kukijaza chumba. Mteja hununua cheo, si mahali pa kukaa. Ni kosa lilelile alilolikemea Ellen Key alipoona nyumba za wafanyakazi zikijazwa nakala duni za samani za matajiri.

Wahenga wa mwambao walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Skandinavia inaonyesha kwamba methali hiyo yahitaji nyongeza: kizuri hujiuza pale palipo na watu waliofundishwa kukiona. Nchi hizo hazikuanza na utajiri zikaishia na uzuri. Zilianza na kijiko, kigoda na sahani, zikayajadili hayo hadharani kama yanavyojadiliwa mashairi, mpaka fundi na mteja wakawa na lugha moja. Singida haihitaji kuletewa kigoda kutoka Ufini. Inacho chake, kilichosimama juu ya miguu mitatu tangu zamani. Kinachongojewa ni siku ambayo kigoda hicho kitawekwa juu ya meza ya karakana ya chuo, mbele ya vijana walioshika randa na penseli, kisha waulizwe: aliyekichonga alikuwa akifikiri nini, na dawati la mdogo wako lifanane na nini?